Swichi za Kimya

Fimbo yangu ya kuchezea gemu nilianza kuibadilisha kichwa. Nilitoa kile cha plastiki, nikaweka cha mpingo nilichochongesha Kisarawe. Kikapendeza. Zilizobaki kunikera ni swichi zake za ndani, ta-ta-ta mchana kutwa, na nyumba yetu ya Mkuza ni ndogo, mama anasukia ukili wa mikeka chumba cha pili. Nikanunua swichi za kimya, nikazifunga mwenyewe.

Baada ya siku chache mama akachungulia mlangoni. "Siku hizi huchezi?"

"Nacheza, mama. Sikutaka kukusumbua."

"Mimi nilikuwa nafuatilia kwa ule mlio. Ukishindwa unaigonga kwa hasira."

"Na nikishinda, ulijuaje?"

"Ta-ta-ta inakatika, halafu unakuja kukaa na mimi."

Swichi za zamani nilikuwa sijazitupa.