Kishimo cha Kupimia Maji

Jirani wa mlango wa pili hakuwa mtu wa kukaa na neno tumboni. Alisema yule fundi aliyeletwa kuchimba shimo la maji ya mvua ana mambo yake.

"Anachimba kishimo, anamimina ndoo ya maji, kisha anachutama anachovya kidole na kunong'ona. Shauri yako, mama mtoto. Siku moja utaamka chumba kimehama."

"Kihame tu, shoga yangu, mradi kihamie pakavu."

Mama mtoto hakuwa akitania sana. Mvua ikinyesha, maji ya paa zima yalimwagika uani na kupenya chini ya mlango wake. Godoro alishalipandisha juu ya matofali, na mwanawe wa miezi saba alikuwa hajaacha kukohoa.

Mchana alimpelekea fundi chai, mtoto mgongoni. Akasikia ule mnong'ono. Kumbe mzee anahesabu.

"Naupima udongo, mwanangu. Ukinywa haraka, nachimba hapo shimo kubwa, najaza mawe, maji ya paa yanaishia humo. Ukigoma kunywa, shimo linajaa kama sufuria, na maji yanarudi kwako. Jana pale mlangoni uligoma."

Alisema kazi hii ameifanya miaka thelathini. Mara moja tu aliharakishwa asipime, na ukuta wa watu ukapasuka. Alirudi akalifukia lile shimo kwa mikono yake, bila kuitwa.

"Na kidole cha nini, baba?"

"Kijiti nilichosimamisha humo kina mikato ya kupimia maji yanavyoshuka. Macho yaliponiaga nikawa naipapasa." Akaisugua kwa gumba ncha ya kidole, ngumu kama kwato. "Sasa nacho kimekufa ganzi kwa saruji. Tangu asubuhi nababaisha."

Mwenye nyumba alikuwa ameshasema: shimo lianze leo hapo hapo penye kishimo, la sivyo fundi afungashe vyombo vyake. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mama akachungulia kishimoni. Maji yalikuwa yametulia tuli, hayajashuka hata kuufikia mkato wa kwanza. Mgongoni mtoto akakohoa, akamtikisa polepole.

Mzee alimsogezea kigoda.

"Nisomee kijiti, mwanangu. Na kama hayajashuka, niambie hayajashuka, nikajaribu kule kwenye kona. Mwenye nyumba niachie mimi."