Neema Alivyomjibu Daktari

Nilitoka kwetu Haneti kwenda hospitali ya mjini kwa sababu mjukuu wangu Neema, wa darasa la kwanza, alikuwa akilia kila akienda haja ndogo. Alijikuna sehemu za siri hadi akaona haya kukaa darasani, akagoma shule. Dukani nilipewa dawa ya fangasi mara mbili, haikusaidia kitu. Moyoni nilikuwa na hofu nyingine nisiyothubutu kuitamka, kwamba kuna mtu amemchezea mtoto.

Alfajiri tulipanda basi. Neema alikaa kiupande njia nzima, na kila tuta la barabarani liliniuma mimi. Mchana tulifika Mkonze, pembeni mwa mji, kwa mdogo wangu Agnesi, akatupikia ugali na mlenda wala hakuuliza maswali mengi. Nilimshukuru kwa hilo.

Asubuhi tulikuwa hospitalini. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, aliniamkia vizuri, kisha akaniacha kando akaongea na Neema habari za shule na mbuzi. Alimwomba ruhusa kwanza, akamtazama taratibu nikiwa nimemshika mkono. Akasema fangasi ni nadra kwa watoto wa umri huu. Ngozi yao huko ni laini mno, inawashwa na vitu vidogo. Ndipo akauliza lile nililoliogopa.

"Kuna mtu anakugusa huko mpaka unaumia?"

"Bibi," Neema akajibu. "Akiniogesha. Maji yake yanawasha."

Daktari alinitoa nje, akamuuliza tena akiwa na muuguzi, kisha akaniita. Akasema hakuna aliyemdhuru, na mkojo waliompima ulikuwa safi. Akataka kujua ni maji gani. Nikaeleza kwamba kwetu maji hayamwagwi ovyo: nikishafua, yale ya kusuuzia ndiyo namwogeshea, yakiwa bado na sabuni ya unga, tena namsugua hasa. Mwalimu mstaafu mimi, niliyekagua kucha na shingo za watoto wa watu miaka yote!

"Mama, ulitaka awe safi," akasema. "Sasa maji safi matupu, bila sabuni huko, wala usimsugue. Asipopona, mrudishe."

Kesho yake tulirudi Haneti. Mungu ambariki binti yule, hakunidharau hata kidogo. Nilikuwa nimewashuku wanaume wote wa mtaani kwetu, na sikuwahi kumuuliza mtoto mwenyewe kinachomuuma ni nini.

Jumatatu ya pili Neema alitoka chooni akiimba, akauliza sare yake iko wapi.