Majibu Yalikuwa Yake

Jumatatu iliyopita tulimzika huko Kimbiji rafiki yangu, mtu ambaye huenda baadhi yenu, wasomaji wangu wa Temeke, mliwahi kumtukana bila kumjua jina. Alikuwa mwamuzi wa mechi za ndondo, soka letu la mitaani. Mchana aliuza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi Tandika, jioni akapuliza filimbi kwenye viwanja vya vumbi, akarudi nyumbani na matusi yake. Dada yake mkubwa ndiye aliyenipigia simu. "Mdogo wangu, mwenzio katutoka," alisema. Sikushtuka. Tuliusubiri msiba huu kwa karibu miaka miwili, na kusubiri nako kunachosha. Nilikaa kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikakumbuka kosa langu.

Ugonjwa wake ulianza na doa jeusi chini ya kisigino. Akadhani damu imevilia kwa sababu ya viatu vya kukimbilia. Duka la dawa likampa mafuta ya kupaka, naye akapaka miezi na miezi. Doa likatanuka, likachimbika, ndipo akaenda hospitali, wakakata kipande na kukuta saratani ya ngozi. Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa saratani hiyo inawahusu ndugu zetu wenye ualbino peke yao. Hatuambiwi kwamba kwa sisi weusi kuna aina inayopenda kujificha kwenye nyayo na chini ya kucha, mahali ambapo mtu hajitazami.

Wakalitoa doa lote na kulipeleka kupimwa protini. Siku ya majibu yeye alikuwa amelala kwa dada yake, Gongo la Mboto, mguu juu ya mto, akatutuma mimi na dada huyo. Daktari alikuwa mwanamke kijana asiye na papara. "Kuwa ni saratani tunajua tayari," alituambia. "Hapa tunatazama inaelekea kwenda vipi. Seli inayojiandaa kugawanyika huwa na protini fulani. Tukiitia rangi, tunaiona kwenye hadubini. Kwa ndugu yenu seli hizo ni nyingi, na doa lenyewe lilikuwa nene. Nina wasiwasi inaweza kurudi mapema. Lakini hiyo ni dalili tu, haimpangii mtu siku zake. Mleteni wiki ijayo tukague tezi za kinena, maana ikitoka mguuni huko ndiko hukimbilia kwanza."

Tulipotoka getini dada akanishika mkono. "Usimwambie. Atakata tamaa, atatufia kabla ya wakati. Mwambie wametoa yote, basi. Hiyo kliniki tutampeleka akishapata nguvu." Mimi, ambaye nimejaza ukurasa huu miaka yote nikiwahimiza wakubwa waseme ukweli, nikakubali. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Nikamsomea mgonjwa kwa Kiswahili changu mwenyewe, nikaruka mstari wa protini. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu. "Na kliniki lini?" akauliza. "Watatupigia," nikajibu.

Zikapita wiki tatu. Siku moja akiwa anaoga akagusa uvimbe kinenani. Hakumwambia mtu. Akachukua mkongojo, akapanda bajaji, akaenda hospitali peke yake, na huko daktari akamuuliza kwa nini hakuja wiki ile aliyopangiwa. Kutoka pale alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa kibarazani bila kuomba hata maji.

"Ile karatasi uliisoma mwenyewe?"

"Niliisoma."

"Ilisemaje?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mie nimetukanwa mpaka mama yangu, nimerushiwa chupa," alisema. "Ukadhani nitashindwa kusikia habari ya protini? Wiki tatu, bwana. Hizo zilikuwa zangu."

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, ila kuanzia siku hiyo nimsomee kila neno. Baadaye nilimuuliza daktari kama zile wiki tatu zingebadilisha kitu. Akanijibu kwamba hajui, na hawezi kujua. Afadhali angenigombeza.

Dada aliogopa angekata tamaa. Alichofanya mdogo wake ni kurudi uwanjani na mkongojo wake. Filimbi alikwishaikabidhi kwa wengine, lakini kabla ya mechi aliwapanga wachezaji kando ya mstari. "Vueni viatu. Na soksi!" Wakacheka: "Refa, siku hizi unakagua mpaka unyayo?" "Vua, mwanangu, sina siku nzima." Mara nyingi aliona fangasi na makovu tu. Beki mmoja alikuwa na doa, akamsindikiza hospitali mwenyewe, wakaambiwa ni baka la kawaida. Alivyolitangaza hilo Tandika nzima, ungedhani timu imechukua kombe.

Majibu yaliyofuata nilimsomea yote, hata yale ya mwisho, yaliyosema hakuna tiba tena. Aliyasikia, akauliza maswali mawili, akawaita wanawe wakae naye. Alijua anaagana nao, nao walijua.

Nimechoka na huruma ya namna ile tuliyomfanyia. Tunaiita upendo, kumbe tunajilinda sisi tusiyaone machozi ya mgonjwa. Wataalamu wamefika mahali pa kuusikiliza mwili hadi kwenye protini zake, wapate kukisia kinachokuja. Kisha sisi tunaichukua habari hiyo na kumficha mtu pekee inayemhusu.

Alhamisi kijana wa jirani alinibishia hodi. "Shikamoo, mzee. Nina majibu ya mama kutoka hospitali. Naomba unisomee, halafu unishauri tumwambie nini."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Yuko ndani kwake."

Nikachukua miwani, nikamwambia twende. Mama alikuwa ameketi mkekani. Alipoiona karatasi mkononi mwangu, akasogea na kunipa nafasi.

"Soma, baba," alisema. "Nasikiliza."