Pilipili Nyuma ya Jikoni

Mama mkwe alikuja kwetu Kibwezi kutoka Kyuso akiwa hali chakula. Hospitali haikumpata na ugonjwa. Alikuwa amechoka kuishi peke yake, na hilo hangelikiri hata kwa mchungaji. Mimi na mke wangu tulitaka abaki nasi moja kwa moja. Yeye alisema amekuja kutusalimia tu, kisha akawa anaonja chakula na kukisukuma kando.

Kumsihi mimi mwenyewe haikuwezekana. Kuna heshima ambayo sisi Wakamba tunaiita nthoni: mwanaume na mama mkwe wake hawali pamoja, hawatazamani machoni, wala hawaombani kitu. Nilipokuwa chuo kikuu nilitangaza darasani, kwa ujasiri mwingi, kwamba mila hiyo haina maisha marefu. Sasa nina mvi, na nikisikia ndara zake zikikaribia sebuleni natokea mlango wa nyuma na kikombe changu cha chai. Siku moja tuligongana hapo hapo mlangoni, kumbe naye alikuwa akinikimbia mimi. Sijui ni nani aliyeshtuka zaidi.

Nyuma ya jikoni nina bustani ya pilipili kali. Niliianza kwa mbegu za pilipili moja ya sokoni, nikawa nainywesha maji yaliyobaki ya kuoshea mboga, hadi mimea ikanifika kiunoni, imejaa pilipili nyekundu. Watu wa nyumba hii walizoea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wenye chumvi basi, kwa hiyo hawanielewi. Mke wangu hazigusi. Mimi hukatia moja juu ya ndengu, nalia, napenga kamasi, naongeza nyingine. Nikiulizwa raha iko wapi, nakata ya tatu.

Kisha zikaanza kupotea. Kila asubuhi zilizoiva vizuri hazikuwapo, na mbichi hazikuwa zimeguswa. Niliwashuku kuku, kwa maana kuku hula pilipili bila hata kupepesa jicho. Nikakata matawi ya mgunga, nikaizungushia bustani ua wa miiba, mlango nikaufunga kwa waya. Nilijisifu sana kwa kazi hiyo.

Jioni sahani ya mama mkwe ilirudi jikoni karibu kama ilivyoenda. Kesho yake vilevile. Nilichanganyikiwa, maana mke wangu alikuwa ameniambia mama ameanza kula vizuri. Halafu mke wangu mwenyewe akanijia, mikono kiunoni.

"Baba watoto, mama anasema Jumamosi anarudi kwake."

"Kwani amekosewa nini?"

"Unaniuliza mimi? Umemzuia na miiba kama mbuzi!"

"Ina maana ni yeye aliyekuwa akichuma?"

"Ulidhani kuku wana vidole? Bila hizo pilipili chakula hakimshuki."

"Si angesema!"

"Akwambie wewe?"

"Basi si wewe ungesema!"

"Alinikataza. Aliona aibu. Nikutangazie kwamba mama mkwe wako anaingia shambani mwako?"

Nilikaa chini kufikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyopotea. Nikiung'oa ua, atajua nimeambiwa, na aibu itamfukuza kabla hata ya Jumamosi. Nikiuacha, ataondoka na njaa yake. Nikimpelekea pilipili kwa mkono wa binti yake, ni kama kumwambia, nimekushika lakini kula tu. Katika miaka yangu yote ya masomo hakuna aliyenifundisha njia ya nne.

Asubuhi mama mkwe alikuwa jikoni akipepeta ndengu. Nilisimama bustanini, ukuta ukiwa kati yetu, nikamgeukia kuku aliyekuwa karibu.

"Wewe kuku," nilisema kwa sauti kubwa, "nilikusingizia bure. Hizi pilipili zinaiva hadi zinaanguka zenyewe. Hakuna wa kunisaidia kuzichuma." Nikaanza kuvuta miiba.

Kuku alinitazama kwa jicho moja. Ndani, ungo ukanyamaza.

"Kuku," sauti ya mama mkwe ikaja, "mwambie aliyezipanda amezisonganisha kama watu wa mazishini."

"Kuku, mwambie nimesikia."

"Na asijisifu. Si kali hivyo."

"Kuku, mwambie mimi nikila huwa nalia."

"Tunamsikia."

Mke wangu, aliyekuwa akianika nguo, alijifunika uso kwa shuka lililolowa, mabega yakimtikisika.

Jumamosi ilipita na hakuna aliyeitaja. Sahani sasa zinarudi tupu. Lakini juzi niliona beseni kuukuu limewekwa kivulini, limejaa udongo, na miche midogo ya pilipili imechipuka. Mama mkwe ameipanda mwenyewe.

"Unaona?" mke wangu alisema. "Mtu anayepanda haendi mahali."

"Beseni linapanda hata basi. Mbona hakupanda ardhini, na nafasi ipo?"

"Labda anangoja mvua."

"Mvua ya hapa, au ya Kyuso?"

Mke wangu aliinama, akachota maji kwa kiganja, akainyunyizia miche polepole ili isilale.