Daftari na Vigingi Vilivyookotwa

Mdogo wangu wanamwita Daftari. Ni bawabu wa lango la hifadhi, pale kinamasi kinapoanzia, na huu ni mwaka wake wa thelathini na moja. Ukaidi aliurithi kwa baba. Mimi nilimfundisha kusoma tu, na kwa kuwa herufi nilizokuwa nazo zilikuwa chache, tuligawana hizo hizo.

Kazi yake ni kufungua lango na kulifunga. Lakini iko nyingine anayoipenda kuliko mkewe, na wifi yangu analijua hilo. Kila kitu kinachookotwa humo ndani anakiandika kwenye daftari la vitu vilivyopotea, anakifunga kikaratasi, anakiweka kibandani hadi mwenyewe aje. Na mwenyewe akija, shurti aeleze kilivyo na alikipotezea wapi, ndipo apewe. Alikuja mgeni mmoja kufuata meno yake ya bandia, yamekaa pale mwaka mzima. Kinywa kitupu, mashavu yameingia ndani, na bado Daftari akamuuliza ni ya juu au ya chini.

Hata Mkuu wa hifadhi, aliyeitunga kanuni hiyo na kuigonga muhuri, alipoangusha kofia yake alisimama dirishani akaieleza kama wengine.

Sasa basi. Mwaka juzi Daftari alichukua likizo, akaja kwangu kuuguza goti. Huku nyuma wakaingia watu wa mafuta na kibali cha kupima ardhi. Walitaka kujua wachimbe wapi visima, na hapo hapo kinamasini ndipo korongo wenye taji wanapotagia. Wakapigilia vigingi mia tatu na kumi na viwili, kila kimoja na utepe wake mwekundu, wakaenda mjini kuleta mitambo. Bawabu aliyeshika zamu hakumwachia Daftari hata neno.

Daftari karudi, kakuta vijiti vimezagaa kila upande. Akasikitika jinsi watu wa siku hizi wanavyosahau vitu vyao. Akachukua baiskeli. Siku tisa aling'oa, akafunga vikaratasi, akaandika, kijiti kimoja mstari mmoja.

Wiki iliyofuata Injinia wao akafika na malori sita. Akaingia ndani, akarudi mbio anauliza vigingi viko wapi. Daftari akamkaribisha, akasema heri mwenye mali amepatikana, hebu aeleze alichopoteza.

"Vigingi, mzee. Vya mbao, vina utepe mwekundu."

"Vyote viko hivyo, mwanangu. Chako ni kipi?"

"Vyote ni vyangu."

"Hayo husemwa na wengi. Hata yule wa meno alitaka na miwani. Tuanze na kimoja. Ulikipotezea wapi?"

Injinia akampigia simu Mkuu, kwamba bawabu wake amerukwa na akili na kesho asimkute langoni. Mkuu akaja. Akalitazama daftari, akautazama muhuri wake mwenyewe kwenye kanuni iliyobandikwa dirishani, akaikumbuka kofia. Akamwambia Injinia avute kiti.

Kupigilia vipya hakukuwezekana bila kibali kipya, basi ikabidi vile vile vitambuliwe. Injinia alikuwa na namba za ramani. Daftari alikuwa ameandika kwa namna yake: "kichuguu kinachofanana na shemeji", "pale kiboko alipojamba". Kila kigingi ilibidi waende kwa miguu wakapaone, wabishane, warudi, watie sahihi. Wakijitahidi sana, kumi na kimoja kwa siku. Injinia alikonda, akaanza kumwita shemeji yetu kwa jina, na hawajawahi kuonana.

Kisha mvua zikaanza, korongo wakataga. Na ubao wa langoni umeandikwa tangu zamani: korongo wakilalia mayai, haingii mtu mpaka makinda waruke. Daftari akafunga. Kibali cha kupima kikaisha vigingi zaidi ya mia mbili vingali kibandani. Malori yakageuza. Wameomba kibali kingine, hatujui watapewa au watanyimwa, lakini mwaka huu pia korongo wametaga.

Nilimkalisha nikamuuliza kinaga ubaga kama alifanya makusudi.

"Siku ya kwanza nilidhani vimesahauliwa kweli, dada," akasema. "Siku ya tatu nikakuta kimoja kimechomekwa katikati ya kiota. Hapo nikaelewa."

"Na ukaendelea kuandika?"

"Nikaanza kuandika polepole."

Juzi nilimwomba kigingi kimoja tu nifungie mbuzi wangu, maana vinaoza bure mle kibandani. Mimi dada yake, tumbo moja, tena niliyemfundisha kusoma. Akavaa miwani, akafungua daftari, akalamba kidole.

"Ulikipotezea wapi?"

Mbuzi nimemfunga kwenye baiskeli yake. Akiitaka, aje aieleze.