Watu Wanne Waliopita Juu ya Al Mansoura

Ule mngurumo bado ninao masikioni: roketi ikiruka ndani ya sufuria. Spika ya simu yangu ni duni, kwa hivyo Alhamisi jioni, hapa Abu Hamour, Doha, ninapofanya kazi za nyumba, niliitumbukiza simu kwenye sufuria tupu ili sauti ivume, nikamenya viazi huku wanaanga wanne wakipaa kwenda kituo cha anga. Wataishi huko miezi, walale palepale kazini. Kama mimi tu. Nikasema hawa lazima niwaone kwa macho yangu. Kituo kingepita juu ya Doha kesho yake, Ijumaa, siku yangu ya kutoka.

"Saa moja uwe umerudi," madam akasema. "Na nyota si ziko hata hapa uani?"

"Ukuta ni mrefu, madam."

Akacheka. "Haya, yalla."

Saa kumi nilipanda basi hadi Al Mansoura kwa Mercy, tuliyekuja naye kutoka Nakuru. Tulipanga kutazama pamoja. Nikakuta kitanda kimetandikwa. Mwenzake wa chumbani akaniambia ameitwa kazini hotelini, kuna harusi. Nilikunywa chai nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda cha Mercy, kisha nikapanda ngazi peke yangu.

Juu ya paa, jua la majira ya baridi likiwa limeshazama mapema, Okello, mlinzi wa jengo, Mganda, alikuwa akianua sare zake. Nikasimama nikiangalia kusini, upande wa nyumbani. Sisi wote huku tukitoka nje kupiga simu hugeukia huko, hata bila kujua. Dakika zikapita. Nikaanza kuona haya.

"Wewe dada, unangoja nani huko?"

"Watu wa angani."

"Basi umewapa mgongo. Si ndio wale?"

Nikageuka. Nuru nyeupe, isiyopepesa, ilikuwa imeshapita kaskazini, inateleza kuelekea mashariki. Nilivuta pumzi kama sita hivi, ikafifia, ikaisha.

"Wanaenda wapi?" Okello akauliza.

"Wako kazini."

"Hata Ijumaa?"

"Hata Ijumaa."

"Pole yao," akasema, akashuka na nguo zake.

Saa moja kasoro nilikuwa mlangoni kwa madam. Kwenye basi nilikuwa nimewaza: miaka miwili natazama upande mmoja tu wa mbingu, na nusura nikose nilichotoka kukiona. Chumbani nilitoa mto kichwani pa kitanda, nikauweka upande wa miguu, penye dirisha la kaskazini, nikalala hivyo.