Kapu Ndani ya Gari la Mbio

Juzi, nikiwa katika gereji moja hapa Gitega, nilimwona mwalimu kutoka Muyinga akimleta mama yake apimiwe kiti. Gari ni la mbio, la zamani, la milango miwili, na mwalimu analifufua ili aliendeshe kila siku. Fundi ndiye aliyeagiza mama aje: "Mi sishoni kiti bila mwenye kuikalia."

Mama akaketi, kapu la unga mapajani. Magoti yakagusa dashibodi.

"Kapu litakaa nyuma, mama," mwalimu akasema.

"Nishuke ugenini mikono mitupu, kapu linifuate?"

Fundi akachora mstari wa chaki sakafuni mwa gari. "Kiti itarudi mpaka hapa. Kapu ibaki."

Injini ilikuwa bado juu ya meza, lakini mama alishateremsha kioo, akatupungia mkono wa kwaheri. Nami, mtu mzima, nikampungia.